Get Out: wale wazungu hawakumchukia Chris, na hapo ndo penye shida

"Hivi wale wazungu walikuwa wanamchukia yule chalii au walikuwa wanampenda?" Hilo ndo swali linalokuja kila Get Out ikipigwa sehemu hapa Arusha, iwe saluni ya kunyoa, iwe geto kwa mshkaji, na majibu huwa mawili tu. Kuna wanaosema ni muvi ya ubaguzi kwahiyo jibu liko wazi, wanamchukia, na kuna wanaosema aah ule ni uchawi wa kizungu tu wameuvalisha koti la daktari. Mimi naona wote wanapita pembeni. Nitaeleza kwa nini, na nitamwaga kila kitu mpaka mwisho wake, kwahiyo kama hujaitazama na hupendi kuhadithiwa, katazame kwanza halafu urudi.

Muvi yenyewe imetoka Marekani Februari 2017, kaiandika na kuiongoza Jordan Peele, jamaa ambaye kabla ya hapo watu walimjua kama mchekeshaji wa kwenye TV. Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 4.5, kwa Hollywood hiyo ni hela ya vocha, ikarudisha zaidi ya dola milioni 250. Mwaka 2018 Peele akabeba Oscar ya script bora ya kubuni mwenyewe, mtu mweusi wa kwanza kuichukua hiyo. Chris anachezwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda, kwahiyo yule unayemuona machozi yanatiririka bila kupepesa jicho ana damu ya hapa jirani kabisa.

Stori kwa kifupi: Chris ni mpiga picha, mweusi, ana demu mzungu anaitwa Rose, wako pamoja miezi michache, na wikiendi hii anapelekwa kwao akaonane na wazazi. Anamuuliza Rose, umewaambia kwamba mimi ni mweusi? Rose anacheka, anasema wale hawana shida, baba yangu angeweza angempigia Obama kura hata mara ya tatu. Basi wanaenda. Sasa sisi wa huku presha ya kwenda ukweni tunaijua, ila huku unaenda na mshenga, unaenda na wazee, unabeba kreti za soda na kama ni uchagani mbege inatangulia, na mjomba mmoja mjanja anakaa karibu na mlango akiwasoma watu. Chris anaenda peke yake, hata rafiki yake Rod anabaki mjini kumtunzia mbwa. Mama yangu mdogo wa Machame alipofika hapo tu alisema posa hiyo haipo, na hakuna kilichokuwa kimetokea bado.

Kitu ambacho watazamaji wengi duniani hawakukipata, na sisi tumekipata bure, ni wimbo wa mwanzoni. Wakati majina yanapita na miti inakimbia kwenye dirisha la gari, kuna sauti za watu zinanong'ona na kuimba kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, kautunga Michael Abels, na maneno yake ni onyo la moja kwa moja bila kuzunguka: ndugu sikiliza wakubwa, kimbia, jiokoe. Kiswahili chake kina ugeni kidogo, hapa mtu angesema wasikilize wahenga, ila ujumbe umefika. Mmarekani anasikia muziki wa kutisha tu, wewe uliyekaa Ngarenaro na laptop unaambiwa muvi nzima kabla haijaanza. Na Chris mwenyewe haelewi. Mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na ya Kati, sio pwani yetu, ila tangu miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa kama lugha ya nyumbani ya kujichagulia kwao, ndo maana hata sikukuu yao ya Kwanzaa iliyoanza 1966 imejaa maneno yetu. Kwahiyo wahenga wanapiga kelele kwa lugha ambayo mjukuu ameshapoteza, na mimi hiyo naiona ni ya kikatili kuliko damu yote inayomwagika baadaye.

Haya, twende kwenye mtambo wenyewe maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Baba yake Rose, Dean, ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Mama yake, Missy, ni daktari wa magonjwa ya akili na anajua kumpumbaza mtu, ile hipnosi, kwa kuzungusha kijiko kwenye kikombe cha chai. Kaka yake Jeremy kazi yake ni kukamata watu, yule mweusi anayebebwa usiku mtaani mwanzoni kabisa wa muvi ni kazi ya Jeremy. Na Rose naye ni mkamataji, yeye tu anatumia mapenzi. Wanachofanya ni kwamba mzungu aliyezeeka au mgonjwa ananunua mwili wa mtu mweusi, wanamhamishia ubongo wake humo, ila kipande kidogo cha ubongo wa mwenye mwili kinabaki ili mwili uendelee kufanya kazi. Mwenye mwili hafi. Anasukumwa chini, mahali wanapopaita Sunken Place, giza ambalo unaelea ndani yake na unaona maisha yako kwa mbali kama TV iliyo juu ya kisima, unasikia, unaona, huwezi kunyanyua hata kidole.

Mtanzania akifika hapo anasema neno moja: msukule. Na kweli yuko karibu sana, maana stori za misukule tumekua nazo, mtu kazikwa, kumbe kachukuliwa, yupo shambani kwa mtu anafanya kazi usiku, haongei, ukimkuta hakujui. Ila kuna tofauti na ndo inayofungua muvi yote. Msukule anachukuliwa kwa ajili ya kazi, yeye mwenyewe hana thamani, kichwa chake hakihitajiki, ni jembe tu. Akina Armitage, yaani familia ya Rose, hawataki jembe. Wanataka KUWA wewe. Wanataka mbio zako, macho yako, ngozi yako, nguvu zako za kitandani, wanataka vyote isipokuwa wewe uliye ndani. Ukikielewa hicho, swali la wanamchukia ama wanampenda linabadilika, kwa sababu unaona kumbe mtu anaweza kukitamani kila kilicho chako huku wewe mwenyewe huna maana yoyote kwake.

Na kabla hatujasema hayo ni mawazo ya Marekani, babu zetu hapa Tanganyika, Kenya na Uganda wakati wa mkoloni walikuwa na hofu inayofanana kabisa, mumiani. Ulikuwa uvumi kwamba kuna watu wanakamata Waafrika usiku, wanawatoa damu ikatengenezewe dawa, na sehemu nyingi waliotuhumiwa walikuwa wazimamoto na gari lao jekundu wakifanya kazi ya mzungu. Hakuna aliyethibitisha, ila uvumi ule ulidumu miongo kwa miongo kwa sababu ulikuwa unasema kitu ambacho watu walikuwa wanakiishi, kwamba kuna serikali ya mbali inauhitaji mwili wako na haina habari na wewe. Marekani wao walikuwa hawahitaji hata uvumi. Kule Tuskegee, jimbo la Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwa tayari ipo, ili waone ugonjwa unavyowamaliza. Mwaka 1951 hospitali ya Johns Hopkins ilichukua chembe za uvimbe wa Henrietta Lacks, mama mweusi aliyekuwa anaumwa saratani, hawakumuomba ruhusa, na zile chembe mpaka leo zinazaliana maabara dunia nzima. Kwahiyo Peele alipoamua jini wake awe daktari mstaarabu mwenye nyumba nzuri, Mmarekani mweusi aliyekaa sinema hakuhitaji kuelezwa.

Sehemu ninayoipenda, na watu wengi wanaipeleka mbele kwa sababu "hakuna kinachotokea", ni ile pati. Wazungu wazee wanakuja na magari meusi, wanatabasamu, wanamsalimia Chris mmojammoja. Mzee mmoja aliyekuwa mchezaji wa gofu anamwambia anamfahamu Tiger Woods, hebu nioneshe unavyosimama. Mama mmoja anambonyeza mkono msuli, halafu anamgeukia Rose anamuuliza, ni kweli wanavyosema, huko chumbani ni kutamu zaidi? Mwingine anasema siku hizi weusi ndo fasheni. Hakuna anayemtukana. Ukiichuja pati ile neno kwa neno hupati tusi hata moja, ni sifa tupu, na Chris anacheka kile kicheko cha mtu ambaye hajui akasirikie nini. Halafu jioni wanakaa wanacheza bingo kimyakimya, hakuna namba zinazosomwa, wanainua kadi tu, na kamera inarudi nyuma taratibu unaona pembeni ya Dean kuna picha kubwa ya Chris. Ni mnada. Zile salamu zote, kubonyeza mkono, nisimamie hivi, ilikuwa wanunuzi wanakagua mali.

Nikisema hapa ndo penye Arusha na Moshi yetu watu watanuna, ila ngoja. Simama geti la Machame la kupandia Kilimanjaro asubuhi wakati makundi yanapangwa, angalia wapagazi wanavyopimiwa mizigo, kilo 20 ndo kikomo kwa mtu, na mgeni mmoja mwema kabisa, mwenye huruma, atakuja atamshika mpagazi bega atamwambia wenzake wacheki alivyo na nguvu, hawa watu wa huku wamezaliwa hivi. Hana ubaya. Siku ya mwisho atatoa tip nzuri na atalia wakiimbiwa. Na mpagazi atacheka, anajua amepewa sifa, ila ukimuuliza jioni akiwa na kahawa yake atakwambia kuna kitu hakikukaa sawa na hajui akiitaje, maana zile nguvu hajazaliwa nazo, amezipata kwa kupanda mlima ule mara nyingi na goti linamuuma. Peele kachukua sentensi hizo hizo za watu wema, akauliza tu: vipi kama anayesifia ana hela, na ana daktari?

Mnunuzi anayeshinda naye ni fundisho. Anaitwa Jim Hudson, muuza sanaa, ni kipofu. Chris akiwa amefungwa kwenye kiti Jim anatokea kwenye TV anamwambia, mimi rangi yako sijali kabisa, mimi nataka macho yako, nataka nione unavyoona. Yaani yule ambaye kweli kabisa haoni rangi ndo anayekuja kumchukua. Nimewaambia washkaji mara nyingi hii ndo kejeli kali kuliko zote humo ndani, kwa wale wanaosema "mimi sioni rangi" wakidhani wamemaliza mjadala.

Sasa mapenzi. Marekani mwanaume mweusi na mwanamke mzungu sio stori ya kawaida tu ya wawili wamependana, ina makaburi. Emmett Till, mtoto wa miaka 14, aliuawa Mississippi 1955 kwa kudaiwa kumchokoza mwanamke mzungu dukani, na waliomuua wakaachiwa. Ndoa za weusi na wazungu zilikuwa bado ni kosa kisheria kwenye majimbo 16 mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipofuta sheria hizo Juni 1967 kwenye kesi ya Loving, hilo ni jina la mume na mke walioshtakiwa, sio utani. Alabama waliendelea kuacha katazo hilo kwenye katiba ya jimbo, halina nguvu lakini limo, wakaliondoa kwa kura mwaka 2000. Na Get Out imerekodiwa Alabama. Kwahiyo Rod anapomwambia mwenzake kwenye simu usiende kwa wazazi wa mzungu, wanaocheka wanacheka na kitu kinachowauma.

Ila muvi haisemi usitoke na mzungu. Peele mwenyewe mama yake ni mzungu na baba mweusi, na mke wake Chelsea Peretti ni mzungu. Inachokisema ni cha pembeni kidogo. Hapa kwetu mwanaume wa hapa akionekana Njiro na binti mzungu watu wanamkagua yeye: kaopoa huyo, anatafuta viza, subiri tu. Mwanamke wa hapa akiwa na mzungu majina anayopewa ni mabaya zaidi siyaandiki. Hakuna anayegeuza macho akauliza mzungu naye anatafuta nini. Get Out inageuza macho. Chris ndo anayependa kweli, Rose ndo mwindaji. Na ushahidi ulikuwa mbele yetu: wakiwa njiani wanamgonga kulungu, polisi anakuja, anataka kitambulisho cha Chris ambaye hata hakuwa anaendesha, Rose anamkazia polisi mpaka anaacha. Mara ya kwanza unasema dah huyu demu anampigania mtu wake. Mara ya pili unaelewa hakutaka iandikwe popote kwamba Chris alikuwa naye barabara ile wikiendi ile.

Niliiangalia tena saluni moja Kaloleni, kinyozi kaiweka kwenye TV ya ukutani, na Chris alipofungua kale kachumba akakuta picha za Rose na wapenzi weusi waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine, na mmoja ni yule mfanyakazi wa bustani na mwingine ni Georgina dada wa jikoni, kinyozi alizima mashine kabisa, nusu ya kichwa cha mteja ina nywele nusu haina. "Chalii, huyo demu hajui bana. Kapumbazwa na mama yake." Mteja naye anakubali, shuka limemfunika mpaka shingoni, hapana huyo kapumbazwa. Tukasubiri Rose atoe funguo za gari waondoke. Rose alipozionesha mkononi na kusema unajua siwezi kukupa funguo, hakuna aliyeongea. Kumbe Marekani nako ilikuwa hivyo hivyo, Allison Williams aliyecheza Rose alisema kwenye mahojiano kwamba wazungu wengi walikuwa wanamuuliza kama Rose naye alikuwa amepumbazwa, wanamtafutia upenyo. Hajapumbazwa. Mwishoni anaonekana kitandani anakula nafaka za rangirangi kavu, maziwa kayatenga kwenye glasi anayavuta kwa mrija, rangi huku nyeupe huku, na kwenye kompyuta anatafuta vijana wanaokuja juu kwenye kikapu. Anachagua anayefuata.

Vidokezo vingine nitavipitia haraka maana vipo vingi. Yule wa bustani anayekimbia usiku kumwelekea Chris kama treni ni babu wa familia ndani ya mwili wa Walter, na Dean alishasema mapema kwamba babu alishindwa na Jesse Owens, mkimbiaji mweusi wa Marekani, kwenye mchujo wa Olimpiki ya Berlin 1936, kwahiyo mzee anafanya mazoezi kwenye miguu aliyoiiba. Georgina anayelia huku anatabasamu ni bibi juu, na mwenye mwili chini anajaribu kutoka. Flashi ya kamera inawaamsha waliozama kwa sekunde chache, ndo maana yule jamaa wa kofia kwenye pati alipopigwa picha alitoka damu puani akamrukia Chris akimwambia aondoke. Haikuwa shambulio, ilikuwa ni wimbo ule wa mwanzo, sasa kwa lugha anayoielewa. Kulungu aliyegongwa ukiunganisha na mama yake Chris aliyegongwa akaachwa barabarani unaelewa kwa nini Chris alisimama kumwangalia, na kwa nini baadaye alishindwa kumwacha Georgina chini. Na pamba: Chris anachimbua pamba ya kiti kwa kucha, anaziba masikio asisikie kijiko. Mababu zake walichumishwa pamba kwa viboko, yeye pamba inamtoa. Hiyo ukiiona hurudi nyuma tena.

Tumalizie na gari la polisi, maana hapa mtazamaji wa Tanzania anapishana kabisa na wa kule. Mwisho Chris yuko barabarani usiku, ana damu, yuko juu ya Rose aliyepigwa risasi, maiti pembeni, na taa za bluu na nyekundu zinatokea. Huku kwetu watu wanashusha pumzi, polisi wamefika, imeisha. Kule sinema nzima iliguna kwa hofu, kwa sababu mwaka 2012 kijana mweusi Trayvon Martin, miaka 17, alipigwa risasi na mlinzi wa mtaa Florida akiwa na peremende na kopo la juisi na aliyempiga akaachiwa huru 2013, na 2014 polisi wa Ferguson, jimbo la Missouri, akamuua Michael Brown, mweusi mwingine, na kila mtu pale ndani alijua mweusi juu ya mzungu usiku anasomekaje. Rose mwenyewe anajua, anainua mkono anaomba msaada. Mlango unafunguliwa, umeandikwa uwanja wa ndege. Ni Rod, mlinzi wa ukaguzi wa airport, kaja kumchukua mtu wake.

Ila Peele alishapiga mwisho mwingine kwanza, ambao kweli ni polisi. Chris yuko jela, Rod kamtembelea, wanaongea kwa simu katikati ya kioo, Rod anamuomba akumbuke hata jina moja ili afuatilie, Chris anamwambia yuko poa, amekikomesha kile kitu. Peele alieleza kwamba aliupanga ule wakati Marekani inajidanganya kuwa na Obama pale juu ubaguzi umeisha, halafu mauaji yakafuatana, watu wakawa hawahitaji tena kuamshwa, wanahitaji mtu mmoja atoke salama, akabadilisha. Mwisho wa jela umo kwenye DVD na YouTube upo. Kinyozi wa Kaloleni nilimuonesha kwenye simu, akasema huo ndo wa ukweli, halafu akasema hataki kuuona tena na akarudisha ule wa Rod.